Kabla ya Kuwaita Vijana: Mwongozo wa Kuanzisha Kazi ya Afya ya Vijana Balehe Katika Jamii Yenu

Kazi nyingi za afya ya vijana huanza na tamasha. Turubai linasimamishwa, muziki unapigwa, fulana zinagawiwa, mtaalamu anahutubia dakika arobaini juu ya magonjwa ya zinaa, kisha kila mtu anarudi kwao. Wiki mbili baadaye msichana anayetokwa na uchafu ukeni bado anameza vidonge alivyopewa na rafiki, kwa sababu pale alipoambiwa aende bado panamtisha. Nimewahi kupanga matamasha ya namna hiyo, tena kwa bidii, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Mwaka 2015 watafiti waliopitia ushahidi wa miradi ya nchi nyingi walitoa jibu ambalo wengi wetu hatukupenda kulisikia: vituo vya vijana, elimu rika (vijana kuwafundisha vijana wenzao) ikifanywa peke yake, na mikutano ya hadhara ya mara moja kwa kawaida haviwafikishi vijana kwenye huduma wala havibadili tabia. Kituo cha vijana, kwa mfano, mara nyingi hujaa wavulana wakubwa wanaoishi karibu na waliofuata michezo. Binti wa miaka 14 akichungulia mlangoni na kuwaona, anageuza njia.

Hapo ndipo wazo la mwongozo huu lilipo. Kijana haogopi ugonjwa kama anavyoogopa kuonekana. Atavumilia maumivu miezi mitatu ili mama wa jirani asimwone amekaa kwenye foleni fulani. Basi hatua zote zinazofuata zinalenga kumpunguzia gharama ya kuonekana, na ndiyo maana vijana wenyewe wanaitwa baadaye kuliko mlivyozoea.

Hatua ya 1: Kakaeni kwenye benchi

Kabla ya kuandika mpango wowote, watu wawili au watatu wa kikundi chenu waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu, wakae kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa kituo. Hamwendi kupeleleza wagonjwa, mnakwenda kutazama njia anayopita kijana kutoka getini hadi kwa mhudumu.

Tazameni mapokezi. Je, anayeandikisha anauliza "Una shida gani?" kwa sauti inayofika benchi la mwisho? Je, chumba cha uzazi wa mpango kina kibao kikubwa mlangoni, na foleni yake inapita mbele ya wagonjwa wote? Kituo kinafungua na kufunga saa ngapi? Kama saa hizo ndizo saa za shule, mwanafunzi analazimika kuchagua kati ya kuomba ruhusa na kueleza sababu, au kutokwenda kabisa. Atachagua la pili.

Mengi mtakayoyaona hayahitaji fedha kuyarekebisha. Meza ya mapokezi inaweza kusogezwa. Swali la "una shida gani" linaweza kuulizwa ndani, mlango umefungwa. Vijana wanaweza kutengewa saa moja au mbili alasiri, na saa hizo zikatangazwa kuwa za "afya ya vijana" kwa ujumla, macho, meno, ngozi, chochote, ili anayeingia asisomeke amefuata nini. Hilo la mwisho ni dogo lakini lina nguvu sana. Mlango ambao kila mtu anaupitia haumsemi mtu.

Kaeni pia na wahudumu wenyewe, kwa heshima. Muuguzi anayemkaripia msichana kwa kuomba kondomu mara nyingi ni mzazi wa msichana wa umri huohuo, na anaongea kwa hofu ya mzazi. Akipewa nafasi ya kulisema hilo nje ya saa za kazi, wengi hubadilika. Asiyebadilika, mwombeni mkuu wa kituo ampangie zamu nyingine. Msipoteze mwaka mzima mkimbembeleza mtu mmoja.

Hatua ya 2: Jueni sheria, wekeni mpaka wa siri

Kila nchi ina sheria zake kuhusu umri wa ridhaa, umri ambao kijana anaweza kupima VVU au kupewa njia za uzazi wa mpango bila mzazi, na nani analazimika kutoa taarifa mtoto akifanyiwa ukatili. Mtafuteni mwanasheria au ofisa wa ustawi wa jamii awaeleze kwa maneno ya kawaida, mwandike kwenye karatasi moja, kila mwanakikundi awe nayo.

Kutokana na karatasi hiyo andikeni ahadi ya siri ambayo kila kijana ataisikia siku ya kwanza. Iwe na pande mbili: "Utakachotuambia hakitatoka hapa. Ila ukiwa hatarini, au mtoto mwingine yuko hatarini, tutamwambia mtu anayeweza kusaidia, na tutakujulisha wewe kwanza." Msiahidi siri isiyo na mpaka. Kijana aliyeahidiwa hivyo halafu mambo yake yakafika polisi hatarudi, na rafiki zake hawatakuja.

Hapohapo wekeni kanuni za usalama wa watoto. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya faragha yanafanyika panapoonekana lakini hapasikiki. Hakuna ujumbe wa simu wa usiku kati ya mwezeshaji na mtoto. Hakuna zawadi za mtu binafsi. Kila anayejiunga anaulizwa historia yake na watu wawili wanaomfahamu wanahojiwa. Kuna mtakaowakera kwa kanuni hizi, na wengine watasema mnawadhania vibaya. Kubalini kuwakera. Kazi kama hii huwavutia watu wema na huwavutia pia wachache wasio wema, kwa sababu ileile: ina watoto.

Hatua ya 3: Anzeni na watu wazima

Mkutano wenu wa kwanza usiwe wa vijana. Uwe wa wazazi, walezi, walimu na viongozi wa dini, na wala usianze na kondomu. Ukianza na kondomu, nusu ya ukumbi itaacha kusikiliza. Anzeni na swali: ninyi mlijifunza haya mambo wapi, na nani aliwaambia? Wapeni muda. Ukumbi utacheka kwanza, kisha utanyamaza, kisha mama mmoja atasema alipovunja ungo alidhani ameumia ndani na alificha nguo wiki nzima. Hapo hamhitaji tena kuwashawishi kwamba watoto wao wanahitaji kuambiwa.

Swali litakaloulizwa, na mlitegemee, ni hili: "Mkiwafundisha, si mnawafungulia mlango?" Jibu lipo. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kuhusu elimu ya ujinsia, uliotolewa 2009 na kurekebishwa 2018, ulitokana na mapitio ya tafiti nyingi, na tafiti hizo hazikuonyesha kwamba elimu iliyopangwa vizuri inawaharakisha vijana kuanza ngono. Palipoonekana tofauti, mara nyingi ilikuwa ya kuchelewa kuanza au kutumia kinga zaidi. Elezeni pia kinachotokea kijana asipofundishwa: simu itamfundisha, na picha za ngono hazina somo la ridhaa wala la huruma.

Wazazi wana jambo jingine wasilolisema: hawana maneno. Kiswahili kina tasfida nzuri, na tasfida ni adabu, lakini mtoto aliyekulia kwenye "huko chini" peke yake hawezi kumweleza mganga maumivu yako wapi, wala hawezi kueleza ameguswa wapi. Wafanyisheni wazazi zoezi: kila mmoja ayataje uke, uume, korodani, mji wa mimba, hedhi, kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja goti. Itachukua nusu saa na kutakuwa na kicheko kingi. Waelezeni kwamba nyumbani wanaweza kuendelea na lugha yao ya staha, ilimradi mtoto analo neno moja la wazi kwa kila kiungo.

Viongozi wa dini wafuateni mmoja mmoja kabla ya mkutano, nyumbani au ofisini kwake, bila karatasi ya kusaini. Mwulizeni anayoyasikia. Mara nyingi anajua kuliko ninyi, maana ndiye anayeitwa usiku ndoa ya watoto ikivunjika. Kuna mada hamtakubaliana. Mwambieni wazi ni zipi, na mwombeni asizipinge hadharani kabla hajazungumza nanyi. Kiongozi anayenyamaza kwenye mada mbili na kuunga mkono nane ni mshirika mkubwa.

Kama mtashawishika kuiruka hatua hii kwa sababu shule iko tayari kuwapokea, kumbukeni mradi wa MEMA kwa Vijana uliofanyika Mwanza, Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ulifundisha shuleni na kuboresha huduma za afya, ukafuatiliwa kwa umakini kuliko miradi mingi. Maarifa ya vijana yalipanda. Maambukizi ya VVU na ya tutuko za sehemu za siri hayakuonyesha kupungua kwa uhakika. Yaliyokuwa yakiwasukuma vijana, yaani desturi, umaskini, na mahusiano na watu waliowazidi umri, yalikuwa nje ya uzio wa shule.

Hatua ya 4: Waleteni vijana mezani

Sasa waiteni, wachache kwanza: wanane hadi kumi na wawili, nusu wasichana. Msichague viranja tu. Tafuteni aliyeacha shule, mama kijana, mwenye ulemavu, yule anayeshinda na kundi mnalolilalamikia. Wapeni kazi halisi ya kuamua: muda wa vipindi, mahali, nani awezeshe, fedha kidogo itumikeje. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart, katika chapisho la UNICEF, alichora ushiriki wa watoto kama ngazi ya vidato 8, na vidato vitatu vya chini alisema si ushiriki hata kidogo: kuwaendesha, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Kijana anayeitwa kusoma risala iliyoandikwa na mtu mzima yuko kwenye vidato hivyo.

Wakisema mahali mlipopachagua hapafai, msibishane nao. Wanajua nani anapita hapo.

Hatua ya 5: Vipindi vya kufuatana

UNESCO inazungumzia vipindi 12 au zaidi. Mkiweza kimoja kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu. Vikundi viwe vidogo na vitenganishwe kwa umri. Shirika la Afya Duniani (WHO) huita ujana balehe miaka 10 hadi 19, lakini aliye na miaka 10 anauliza kwa nini kifua kinauma kikiguswa, na wa 19 huenda ana mtoto anayenyonya. Kwa mada za mwili, wasichana na wavulana watengane kwanza. Wakishapata maneno na ujasiri, waungane kwa mada za mahusiano na ridhaa, kwa sababu huko ndiko watakakokutana maishani.

Wadogo, 10 hadi 12, waelezeni balehe kabla haijawafika: hedhi, ndoto nyevu, sauti kukwaruza, chunusi, hasira zisizo na sababu. Msichana ajue kwamba miaka ya kwanza mzunguko wake unaweza kuyumba na hilo si ugonjwa. Mvulana ajue ndoto nyevu si laana wala si kosa. Wavulana husahauliwa sana katika kazi hii. Hupewa onyo la kutowapa wasichana mimba, basi, kana kwamba wao hawana mwili unaowashangaza. Na katika umri huu tajeni chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi: walengwa wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2022 WHO imekubali kuwa dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana wenye afya njema.

Wakubwa wanahitaji ukweli mzima. Kondomu ndiyo njia pekee inayokinga mimba na magonjwa kwa pamoja, na inavaliwa kwa mpangilio ambao lazima uonyeshwe kwa mikono. Klamidia na kisonono vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, hasa kwa msichana, huku vikiharibu mirija ya uzazi. Mimba za utotoni ni hatari kuliko wanavyodhani: wasichana wa 10 hadi 19 hupata kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua zaidi kuliko wanawake wa 20 hadi 24. Mtu anayeishi na VVU anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Liambieni kundi jambo hilo waziwazi, kwa kuwa humo ndani anaweza kuwamo kijana aliyezaliwa na VVU anayesikiliza mnavyomsema.

Ridhaa ifundishwe kwa mifano, na kila kikundi kijitungie yake. Alisema ndiyo jana, leo je? Amenyamaza, amekubali? Amenunuliwa simu, anadaiwa? Acheni wabishane. Mwezeshaji anayekimbilia kutoa jibu anaua kipindi.

Na sanduku la maswali. Wengi huliweka mezani na kusema "mwenye swali aandike", na hakuna anayeandika, kwa sababu anayeandika anaonekana. Fanyeni hivi: kila mtu anapewa karatasi na kalamu zinazofanana, kila mtu anaandika. Asiye na swali anaandika "sina swali" mara tatu ili kalamu yake nayo isogee kwa muda. Karatasi zote zinakunjwa namna moja na kutumbukizwa. Zisomwe na mwezeshaji peke yake, zijibiwe kipindi kinachofuata, zote, pamoja na zile za matusi. Ukizijibu za matusi kwa utulivu, kipindi cha tatu zinakuwa maswali ya kweli.

Hatua ya 6: Rufaa isiyomwanika mtu

Kijana akihitaji huduma, asipewe barua yenye maneno "magonjwa ya zinaa". Apewe kikaratasi kisicho na neno lolote isipokuwa namba au rangi ambayo kituo kinaitambua. Vizuri zaidi, awepo mtu mmoja kituoni anayejulikana kwa jina na vijana wote, na mwanakikundi wa kumsindikiza anayetaka kusindikizwa.

Kila mwezeshaji ajue kwa kichwa mipaka miwili ya muda. Aliyebakwa, au aliyeweza kuambukizwa VVU, aanze dawa za kinga haraka, ndani ya saa 72, na atazitumia siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi vizuri zaidi vikiwahi, mwisho siku 5. Ndiyo maana kijana aliyekuja Ijumaa jioni haambiwi arudi Jumatatu.

Anaposimulia ukatili, kazi yenu si upelelezi. Msikilize. Muulize anachohitaji sasa. Mwambie unamwamini na kwamba si kosa lake. Angalia usalama wake: usiku huu atalala wapi? Mwunganishe na huduma. Maswali ya "ulikuwa unafanya nini pale" yasiulizwe na mtu yeyote wa kikundi chenu.

Hatua ya 7: Moyo na akili

Kwa mujibu wa WHO, theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya 18, na kujiua ni miongoni mwa sababu kuu tatu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Msichana aliyepata mimba akafukuzwa nyumbani, mvulana anayedhihakiwa kila siku, aliyeachwa baada ya picha zake kusambazwa: hawa wanapita kwenye vipindi vyenu wakiwa kimya. Mwezeshaji ajifunze kuuliza waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo afikishwe kwa mtaalamu.

Wekeni pia kitu chepesi katika wiki: mpira, kuimba, bustani, chochote, mradi wasichana nao wana zamu yao ya uwanja. Mengi husemwa mtu akiwa anafunga kamba za viatu.

Hatua ya 8: Hesabuni kinachosema kitu

Idadi ya waliohudhuria ni namba rahisi kupata na haina habari nyingi. Hesabuni waliorudi hadi kipindi cha mwisho, na kati ya waliopewa kikaratasi, wangapi walifika kituoni. Kila baada ya miezi mitatu, kijana mwenye umri wa kisheria wa kufanya hivyo aende kituoni kama mteja wa kawaida, kituo kikiwa kimekubali tangu mwanzo kupimwa hivyo, kisha asimulie alivyopokewa.

Kisha fungueni sanduku. Yatunzeni maswali, bila jina wala mwandiko wa kumtambulisha mtu; yaandikeni upya kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwezi wa kwanza mtaona "je, ni kweli kwamba…" za mitaani. Maswali yakianza kuwa ya "mimi" badala ya "kuna rafiki yangu", wameanza kuwaamini. Yakirudi kuwa mzaha ghafla, siri ya mtu imevuja mahali. Simamisheni vipindi wiki hiyo, waulizeni wale vijana mnaokaa nao mezani, na mjue imetoka kwa nani kabla ya kuendelea.